Mchele, Basi

Jumanne, 3 Februari
Asubuhi rasharasha, upepo mdogo, baridi ya kuvalia sweta.

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua utacheka kuona hata barua naifungua kwa hali ya hewa, lakini ndivyo daftari langu lilivyonizoesha. Natumaini magoti yamepungua kuuma, na kwamba yule kuku wako kilema bado anawatawala wenzake. Mimi kazini sijambo. Karakana imejaa mizani za maduka, zahanati na hospitali zilizoletwa kukaguliwa kabla ya mwisho wa mwezi. Meza zote mbili hazionekani. Mzee Springi, yule fundi wa springi ninayekaa naye meza moja, anakusalimu sana. Asante pia kwa karanga za safari hii. Zimefika salama, zimeisha salama.

Sasa nikueleze lililonifanya niandike. Ningepiga simu, lakini wewe mwenyewe unasema simu inakupigia kelele tu sikioni, na hili nataka ulisome taratibu.

Ule ugonjwa wa tumbo wamekwisha kuujua. Unaitwa ugonjwa wa Crohn. Daktari alinichorea kwenye karatasi: kinga ya mwili, badala ya kupigana na wadudu wa nje, inaushambulia utumbo wenyewe. Unavimba, unapata vidonda, na kwangu mimi kuna mahali njia imebana, imekuwa nyembamba. Si wa kuambukiza, na hauponi moja kwa moja, ila unaweza kutulizwa. Nimeanza dawa.

Nina kilo arobaini na nne. Nikuambie ukweli, sketi zangu nazishika kwa pini. Tarehe 25 Juni nitapimwa tena na kupigwa picha. Uvimbe ukiwa umepungua na mwili umerudi, tutaendelea na dawa. La sivyo, watakata kipande cha utumbo. Daktari angependa nifike kilo hamsini siku hiyo. Basi kazi yangu mpaka Juni ni moja: kula bila kuumia.

Na hapo ndipo pagumu. Mshauri wa lishe aliniambia kila mtu na tumbo lake. Kinachomfaa mwenzangu huenda mimi kikanilaza. Kwa vile njia imebana, vyenye mbegu, maganda na nyuzinyuzi ngumu niviache kwa sasa. Vilivyobaki nivijaribu kimoja kimoja. Nimechora daftari: tarehe, chakula, kiasi, maumivu, choo, uzito, saa ya kulala. Chakula kipya nakijaribu siku tatu bila kuongeza kingine kipya. Kikipita, nakiandika kwa wino wa bluu kwenye ukurasa wa kwanza. Kikinishinda, nakikata kwa rula.

Vya bluu mpaka leo ni yai la kuchemsha, ndizi mbivu, viazi vilivyomenywa na kupondwa, na supu ya kuku iliyochujwa.

Ninachoomba ni unga wa mchele. Mchele mweupe, mtupu, uliosagwa laini kama ulivyokuwa unanisagia nikiwa mdogo. Wa dukani huku siuamini. Mchele ukipita, shangazi, nitakuwa nimepata nguzo ya nyumba.

Mwanao,
Karani


24 Februari

Mwanangu Karani,

Marahaba, na pole mama, pole sana. Hali ya hewa huku ni jua. Nimeiandika ili usije ukasema shangazi yako hana adabu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya nne nikampa mke wa jirani anisomee ili nisikie kwa sauti ya mtu mwingine kama itakuwa nafuu. Haikuwa. Crohn ndiyo nini? Jina lenyewe linasikika kama mlango wa stoo unaokwama. Mimi nitamwita Mgeni. Mgeni akija nyumbani hajaalikwa unamlisha vizuri, unamwekea maji ya kuoga, na kila siku unamuuliza kwa heshima anaondoka lini.

Magoti ndiyo hayo. Kuku kilema kaangua vifaranga saba, sasa haambiliki.

Kilo arobaini na nne! Ulikuwa na hizo ukiwa kidato cha pili. Nilikuwa napikia watoto mia nne kwa siku katika shule ya bweni, miaka thelathini na mmoja, na hakuna aliyetoka jikoni kwangu akiwa na mifupa nje. Leo damu yangu mwenyewe inashika sketi kwa pini! Nimekaa kwenye kigoda nikalia, kisha nikainuka nikachagua mchele.

Unga huo hapo, kilo tatu. Nimeuchagua punje kwa punje, nikauosha, nikauanika, nikausaga mwenyewe, sikumpelekea mtu wa mashine. Mkono wangu unajua mtoto dhaifu anataka nini. Kunywa kikombe asubuhi na kikombe jioni. Usiuonee haya, kunywa ushibe.

Nimempa Kobe, yule dereva wa lori. Unamjua, akisema kesho hesabu wiki mbili. Mwambie Mzee Springi salamu zimefika, lakini macho yake yasiwe kwenye mfuko huu.

Utaniuliza kama kuna mtu mwingine wa ukoo aliyekuwa na ugonjwa wa tumbo. Hukuuliza kwenye barua, lakini najua utauliza. Baba yako alikuwa na tumbo. Tuyaache hayo.

Mimi shangazi yako


Alhamisi, 19 Machi
Asubuhi mawingu mazito, mvua haikunyesha.

Shangazi,

Shikamoo. Utanisamehe mwandiko, naandikia kitandani, daftari nimeliegemeza kwenye goti. Hongera kwa vifaranga saba.

Kobe alifika tarehe 11. Nilifurahi nikaufungua mfuko palepale mlangoni. Harufu yake ilikuwa ya jikoni kwako hasa, ile ya moto na chungu. Nilianza tarehe 12: kikombe kimoja asubuhi, kimoja jioni, pamoja na vya bluu tu. Siku ya kwanza tumbo lilinguruma, nikasema ni ugeni. Siku ya pili jioni maumivu yalinikunja. Siku ya tatu sikuimaliza. Mzee Springi na mkewe ndio walionipeleka hospitali, na nililazwa siku nne. Njia ilikuwa imeziba kidogo. Imefunguka yenyewe kwa kutundikiwa maji na kutokula. Kisu hakikuhitajika, namshukuru Mungu, nawashukuru na wauguzi, hasa yule mnene aliyekuwa akinisuka nywele ili nisione saa inavyokwenda.

Tafadhali usijilaumu. Unga ulikuwa mzuri, tumbo ndilo bovu. Nimeuliza kama mchele mweupe mtupu unaweza kumfanya mtu hivi, mshauri wa lishe akashangaa, akasema ni nadra, lakini akarudia maneno yake kwamba kila mtu na tumbo lake. Basi nimefuata sheria yangu mwenyewe. Nimechukua rula nikakata: mchele, wali, uji wa mchele, maji ya mchele. Mistari minne. Sikudhani ningeusikitikia mchele kama mtu.

Uzito leo ni arobaini na moja na nusu.

Umeandika kwamba baba alikuwa na tumbo, kisha ukasema tuyaache. Nilikuwa na miaka tisa alipokufa, na kila nikiuliza watu walibadilisha mazungumzo. Daktari ananiuliza habari za ukoo, nami sina la kumjibu. Ukiweza niambie. Usipoweza, niambie tu habari za kuku.

Karani


Ijumaa, 17 Aprili
Asubuhi jua kali, anga tupu.

Shangazi yangu,

Shikamoo tena. Mwezi umekwisha na sijapata hata mstari. Nilidhani Kobe kaipoteza barua, nikamngojea kwenye maegesho ya malori. Akaapa kwamba alikukabidhi mkononi. Akasema, "Mama yule mzima kabisa, nilimkuta anapeta kitu uani. Aliisoma mbele yangu, akaingia ndani, hakutoka tena hata kuniaga." Kama nimeandika neno baya, nisamehe. Tangu hapo nimeisoma nakala yangu mara nyingi na silioni.

Hali yangu ni ya polepole. Nimerudi kazini nusu siku. Mkuu wa karakana kanipa mizani ndogo za dawa ambazo haziombi mtu abebe mawe mazito. Jikoni nimejaribu boga lililomenywa na kupondwa: limepita, bluu. Karoti iliyochemshwa hadi inavunjika kwa kijiko nayo imepita. Samaki mweupe wa mvuke kapita pia. Maziwa hayakupita, nimeyakata. Lakini bila wali au kitu cha namna hiyo nashindwa kushiba. Viazi asubuhi, viazi jioni, mpaka naviota. Kilo arobaini na mbili na robo. Juni inakuja mbio.

Nikuchekeshe kidogo. Unga uliobaki niliona dhambi kuutupa, nikampa Mzee Springi. Kesho yake kaja na chupa ya uji, anakunywa huku kafumba macho.

"Huu uji una kitu," akasema.

"Una mchele tu, mzee."

"Binti, mimi nimekula miaka sitini na nne. Huu una kitu."

"Ulimi wako umekufa kwa pilipili."

"Ulimi umekufa, pua iko hai. Muulize shangazi yako."

Basi nakuuliza, ili nimnyamazishe. Na ili uniandikie.

Karani wako


2 Mei

Mwanangu,

Marahaba, na usiombe msamaha, utaniua. Sina habari za kuku leo.

Barua hii ni ya nne. Tatu nimewashia moto. Mke wa jirani akaniambia, "Mama, hata moto umechoka kusoma." Nikakaa nikaandika hii.

Mzee Springi amesema kweli. Uji ulikuwa na kitu.

Jikoni shuleni nilikuwa na kazi moja zaidi ya kupika, nayo haikuandikwa popote. Watoto hawapendi chakula chenye nguvu. Ukiwaambia uji una pumba, una ufuta, una karanga, wanauacha unapoa. Kwa hiyo nilikuwa natia bila kusema. Naukaanga ufuta, nautwanga, nautia ndani ya pipa, nakoroga, nafunga mdomo. Wanakunywa, wananenepa, mwalimu mkuu anasifiwa. Miaka thelathini na mmoja sijawahi kumwambia mtu kilichomo kwenye pipa langu. Mkono ulizoea hivyo.

Wewe uliandika mchele mtupu. Nililiona neno mtupu. Nikasema moyoni, mtoto wa kilo arobaini na nne atapataje nguvu kwa mchele mtupu? Nikatia konzi mbili za ufuta, konzi mbili za karanga na pumba kidogo za mtama. Sikuchekecha sana, maana niliogopa kuitoa nguvu yenyewe. Nikafunga mfuko nikajisifu.

Kisha ikaja barua ya kitandani. Nilipofika hapo ulipoandika "usijilaumu, unga ulikuwa mzuri," niliingia ndani nikamwacha Kobe uani. Nikaona aibu kubwa kuliko mimi. Nikasema ngoja kidogo, nitaandika kesho. Kesho ikawa wiki sita, na wewe muda wote huo unakula viazi.

Na baba yako. Nimesema tuyaache kwa sababu nilikuwa nayaogopa.

Kaka yangu alikuwa hivi hivi kama wewe. Anakonda, anainama akishika ubavu, siku nyingine mzima kabisa anacheza na wewe mgongoni. Hakuna aliyempima, kwa hiyo sijui kama alikuwa na Mgeni huyuhuyu. Mimi nilijua dawa moja tu, kumlisha. Kunde, maharage na maganda yake, mboga ngumu, karanga. "Kula kaka, upate nguvu." Alikuwa anamaliza sahani yote mbele yangu, anasema, "Dada, hakuna mpishi kama wewe." Kisha anakwenda nyuma ya nyumba. Nilimfuata siku moja nikamkuta ameegemea ukuta, jasho linamtoka. Akaniambia amekula haraka, basi. Hakunisema hata siku moja. Alikufa akinisifu. Na mimi miaka yote hii nikisikia neno tumbo, natafuta sufuria ya kuosha.

Nimerudia kosa lilelile kwa mtoto wake. Ukinikasirikia, una haki.

Lakini kasirika baadaye, kwanza fanya hili. Mchele hauna kosa. Umeukata kwa rula kwa kosa langu. Nimesaga mwingine, kilo tatu, kwa kinu kipya ambacho hakijawahi kuona ufuta. Mke wa jirani alisimama hapa anaangalia mikono yangu kama askari. Nimechekecha mara tatu. Nimebandika karatasi juu ya mfuko: MCHELE, BASI. Muulize daktari wako kwanza, umwonyeshe barua hii, hata kama ni aibu.

Shangazi yako


Alhamisi, 21 Mei
Asubuhi ukungu mpaka saa mbili, kisha jua.

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini magoti hayajambo, na kuku pia, maana nimemkosa.

Nitakuambia yote kama yalivyo. Barua yako niliipata tarehe 9 asubuhi nikiwa njiani kwenda kazini. Niliisoma nimesimama, nikaikunja, nikaingia karakanani nikaijaribu mizani moja mara nane ingawa mara ya kwanza tu ilikuwa sawa. Nilikasirika, ndiyo. Nilikasirika siku nzima. Si kwa kitanda cha hospitali. Nilikasirika kwa ajili ya daftari, kwa kuwa nililiamini kuliko tumbo langu, kumbe lilikuwa na uongo ndani nisioujua.

Mzee Springi akaniuliza mizani ile ina nini. Nikamwambia haina kitu. Akasema, "Basi iache, mwone aliyeikandamiza kwa kidole." Nikacheka bila kupenda, nikamweleza. Unajua alisema nini? Hakusema "nilikuambia." Alisema, "Wengi wangenyamaza mpaka kaburini. Huyo mama kakuandikia."

Hapo nikawaza, na mimi je?

Shangazi, karanga zako. Tangu mwaka juzi zinaniumiza. Kila mfuko ulionitumia nimempa Mzee Springi, kisha nikakaa nikakuandikia "tamu sana," "zimeisha." Zimeisha kweli, lakini hazikupita mdomoni mwangu. Niliogopa kukuvunja moyo. Ningesema ukweli mapema, ungeamini mapema kwamba mbegu zinanidhuru, na mkono wako usingeufuata ufuta. Kwa hiyo tumedanganyana wote wawili kwa mapenzi, na wa kwanza ni mimi. Nadhani nimemrithi baba.

Kuhusu baba, nilimwonyesha daktari barua yako kama ulivyoniambia. Aliisoma yote, akaandika habari za ukoo kwenye faili, akasema zimemsaidia. Kisha nikamuuliza: je, mtu anaweza kumletea ndugu yake ugonjwa huu kwa kumpikia? Akasema hapana. Nikamwomba arudie ili niandike maneno yenyewe. Akasema: "Hakuna mpishi anayeuleta ugonjwa huu. Chakula kisichofaa kinaweza kumwongezea maumivu, lakini marehemu hakupata vipimo wala dawa, na hilo halikuwa mikononi mwa dada yake." Nimeyanakili neno kwa neno. Kata kipande hiki cha karatasi ukibandike jikoni.

Na sasa mchele. Kwa ruhusa yake nilianza tarehe 16, kikombe kidogo. Siku ya kwanza hakuna kitu. Siku ya pili hakuna kitu. Siku ya tatu hakuna kitu, na nikala wali laini juu yake, na yai. Tarehe 19 nilifungua ukurasa wa kwanza, nikachukua kalamu ya bluu nikaandika MCHELE kwa herufi kubwa, nikalia kidogo, nikala tena. Uzito arobaini na nne na nusu.

Asante, shangazi. Asante kwa unga, na asante zaidi kwa barua ya nne.

Karani


8 Juni

Mwanangu Karani,

Marahaba! Miaka miwili! Miaka miwili nachagua karanga moja moja, natupa zilizooza, naona fahari, kumbe namnenepesha fundi wa springi! Nimecheka mpaka kuku kilema kakimbia. Mwambie mzee huyo ana deni la salamu kwangu, na mkewe aje achukue shukrani zangu kwa kukupeleka hospitali.

Karatasi ya daktari nimeibandika juu ya meko. Naisoma kila nikichochea moto. Siku ya kwanza niliisoma kwa kuogopa. Sasa naisoma tu. Juzi nimemwota baba yako uani, mzima, anakuita uje mgongoni.

Nami nimenunua daftari. Usicheke. Naandika kila ninachotia kwenye sufuria, hata chumvi, hata maji. Mke wa jirani anasema nimekuwa mpimaji wa ardhi. Ni kwa ajili ya siku utakayokuja likizo. Sitaki uje na viazi vyako mfukoni kama mfungwa.

Siku ya tarehe 25 nitakuwa nimekaa kwenye kigoda asubuhi yote. Sitapika kitu.

Shangazi


Jumatatu, 29 Juni
Asubuhi upepo, vumbi kidogo, baridi.

Shangazi yangu,

Shikamoo. Leo sitakuzungusha kwa kuku.

Kilo arobaini na nane na gramu mia sita. Sikufika hamsini. Nilipanda kwenye mizani ya hospitali nikajua palepale, maana mizani ile tuliikagua sisi Februari na muhuri wake niliugonga mimi. Sikuwa na wa kumlaumu. Lakini daktari aliangalia picha, kisha akageuza kioo cha kompyuta ili nami nione. Uvimbe umepungua. Mahali palipobana pamefunguka kiasi. Akasema, "Hatukati. Endelea na dawa, endelea na daftari, tuonane Desemba."

Nikatoka nikakaa kwenye benchi la korido. Yule muuguzi mnene akanipita, akarudi, akasema, "Wewe si yule wa nywele? Mashavu yamerudi!" Nikamwambia shangazi yangu kayasaga kwa kinu.

Amenikumbusha daktari kwamba hii si kupona. Mgeni bado yumo, na anaweza kuamka hata nikila vizuri namna gani. Najua. Lakini amelala, na mimi nina ukurasa wa kwanza wenye majina kumi na tatu ya bluu.

Likizo yangu inaanza tarehe 7 Agosti. Nitapanda lori la Kobe, kwa hiyo nihesabu kuanzia tarehe 8 mpaka utakaponiona.

Karani


Jumatatu, 10 Agosti
Asubuhi mawingu mepesi, joto la wastani. Naandika nyumbani kwa shangazi, yeye yuko uani na kuku.

Ukurasa huu ni wa daftari langu, lakini nitaunakili nimwachie, uwe barua ya kwanza mwaka huu isiyopitia kwa Kobe.

Jana, Jumapili, tulikula pamoja mezani kwake kwa mara ya kwanza tangu niugue. Alinikalisha kwenye kigoda jikoni nione kila kitu. Wali mweupe, laini. Boga lililopondwa. Kuku wa kuchemsha bila ngozi (si yule kilema, nimemuuliza kwanza). Chumvi kijiko kidogo kimoja. Kila alipotia kitu alikitaja kwa sauti, kama mtu anayesoma majina darasani, kisha akaniinulia viganja vyote viwili, vitupu, nione.

"Umeona?"

"Nimeona, shangazi."

"Andika."

Nikaandika. Alipopakua akasimama nyuma ya kiti changu na mwiko mkononi, hakai. Nikamwambia, "Kaa basi, naumia shingo kukutazama." Akakaa, lakini hakula mpaka nilipomeza vijiko vitatu.

"Sema kweli," akasema. "Usinisifu, mama. Sema kweli tu."

Nikasema boga lilitaka chumvi kidogo zaidi. Alipiga meza kwa furaha, akasema hilo ndilo neno alilokuwa analingojea kwa miaka ishirini.

Maumivu: hakuna. Choo: kawaida. Uzito: arobaini na tisa na nusu, kwa mizani ya duka la jirani ambayo siwezi kuidhamini.

Saa ya kulala huwa naijaza asubuhi inayofuata. Miezi ya mwanzo safu hiyo ilijaa saa nane, saa tisa, saa kumi alfajiri. Jana nakumbuka nilijinyoosha kwenye kochi la sebuleni nimsikilize anavyoosha vyombo, na baada ya hapo sikumbuki kitu. Leo nimefungua daftari niandike kwamba sijui, nikakuta safu imeshajazwa, kwa mwandiko mkubwa wa kuinama, kwa wino wa bluu:

Saa mbili na dakika arobaini. Nimeangalia saa mwenyewe. Sikuongeza kitu.